Kafi la babu

Masika ya 2019 nilikuwa nakaa kwa mjomba Kunduchi, na kitu kilichokuwa kinaniuma kila nikitoka uani ni yale makafi saba, yale makasia mafupi ya mtumbwi, yameegemezwa ukutani, yananyeshewa, yanapigwa jua, mawili yashapinda kabisa na moja mchwa washalianza. Na katikati yao kafi la babu. Alilichonga mwenyewe kwa tezo, na pale alipokuwa anashika pamelika mpaka panang'aa.

Nikamwambia mjomba nayatengenezea shelfu. Akasema haya mjomba, fanya. Nikaenda Tegeta nikachukua mbao za paini za Mafinga, mbili kwa nne za miguu na moja kwa sita za juu, guta likanifikishia mpaka mlangoni. Nilitaka makafi yaning'inie, yaani unakata mianya kwenye ubao, mpini unapita halafu lile bapa linakwama juu, hakuna kuegemea hakuna kupinda. Natoboa tundu na drili mwisho wa mwanya, nashuka na msumeno pande mbili, kipande kinadondoka chenyewe. Mianya saba, sentimita 4 kila mmoja. Miguu nikaipaka oili chafu sababu ya mchwa, skurubu nikatafuta za shaba maana za chuma pale pwani zinaoza upesi mno.

Vanishi ndo ilinitesa. Nilipaka jioni kuna unyevu, usiku mvua ikashuka, asubuhi nakuta imepiga weupe kama maziwa, ikabidi niikwangue yote kwa msasa nisubiri jua siku tatu ndo nirudie.

Siku ya kupanga, sita yakaingia. La babu likagoma. Nilikuwa nimepima moja la kununua nikadhani yote sawa, kumbe lake mpini mnene. Binamu akaleta randa, eti tulipunguze kidogo tu. Nikamwambia hilo haliguswi! Nikachukua patasi nikaanza kutanua mwanya, najaribu, natoa, nachonga tena, vanishi mpya pale yote ikaharibika na wala sikujali. Mjomba kakaa juu ya ndoo ananiangalia tu, hajasema neno.

Likaingia magharibi, msikitini wanaadhini. Mjomba akainuka, akaweka mkono pale palipong'aa, akasimama hivyohivyo mpaka adhana ikaisha.