Siku ya Kumi na Mbili

Daftari lile bado ninalo. Jalada lake ni gumu, la bluu, na ndani nilichora kwa rula miraba 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka 2011. Miraba ya Januari ina tiki za kila namna: nyingine nene, nyingine zimepinda, moja ina doa la wino pale nilipoandika huku nasinzia. Kuanzia tarehe 7 Februari mwandiko unabadilika. Tiki zinakuwa ndefu, nyembamba, zote zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Ziko 31. Niliziandika zote jioni moja, kwa kalamu moja, kwa muda usiofika dakika mbili.

Nilikuwa na miaka 24, na nilikuwa nimeokoka miaka mitatu kabla. Ule moto wa kwanza ulikuwa umeanza kupoa, nami nikaogopa. Nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba Mkristo asiyejitawala hakui, na niliamini hivyo. Naamini hata leo. Basi usiku wa kuamkia mwaka mpya nikaweka nadhiri: nitaamka saa 10 alfajiri niombe saa nzima, nitafunga kila Jumatano na Ijumaa kama Wakristo wa karne za mwanzo, na nitasoma Biblia nzima kabla ya mwaka kwisha. Hesabu nilipiga mwenyewe. Biblia ina sura 1,189. Ukisoma sura 3 kila siku, na 5 kila Jumapili, unamaliza ndani ya mwaka.

Kitabu cha Mwanzo kilikwenda kwa furaha. Kutoka nacho kilinibeba mpaka Sinai, kisha kikaanza kuwa kizito pale penye vipimo vya hema, mbao na mapazia. Tarehe 28 Januari nikaingia Mambo ya Walawi, nikakisoma kwa kujikaza, midomo ikienda na akili ikiwa kwingine. Kufikia hapo saa 10 ilikuwa imegeuka saa 11, na saa 11 ikawa dakika chache kabla ya kutoka nyumbani. Kufunga kulibaki kwa jina tu.

Tarehe 7 Februari ilikuwa Jumatatu, na zamu yangu ilianza na Hesabu sura ya 7. Asiyewahi kuisoma nimweleze. Ina mistari 89. Madhabahu imetiwa mafuta, na wakuu 12 wa makabila ya Israeli wanaleta matoleo, kila mmoja kwa siku yake. Siku ya kwanza analeta Nashoni wa Yuda: sahani ya fedha ya shekeli 130, bakuli la fedha la shekeli 70, vyote vimejaa unga mzuri uliochanganywa na mafuta, kijiko cha dhahabu cha shekeli 10 kilichojaa uvumba, kisha ng'ombe, kondoo, mbuzi. Siku ya pili analeta Nethaneli wa Isakari. Sahani ya fedha ya shekeli 130, bakuli la fedha la shekeli 70. Neno kwa neno. Siku ya tatu vilevile, mpaka siku ya kumi na mbili.

Mimi nilifika kwa Nethaneli. Nikatazama chini ya ukurasa, nikaona shekeli 130 nyingine zinanisubiri, nikafunga Biblia. Nilijiambia nitaimalizia jioni. Jioni haikufika. Kesho yake nikaona nimeshabaki nyuma kwa sura sita, keshokutwa tisa, na kila siku deni lilivyokua ndivyo nilivyozidi kuikwepa ile Biblia pale mezani, kama mtu anayebadili njia asikutane na anayemdai. Nadhani hiki ndicho kitu ambacho watu wengi hawakisemi wanapozungumzia nidhamu ya kiroho: kuanguka siku moja hakukunitenga na Mungu, ila aibu ya siku ile iliniweka mbali naye kwa mwezi mzima.

Mwaka ule Kwaresima ilianza tarehe 9 Machi, Jumatano. Sisi katika ushirika wetu mdogo wa katikati ya wiki hatukuwa na desturi ya kupakwa majivu, lakini tulikubaliana kuzitumia siku zile 40 kwa kufunga na kuomba. Kiongozi akaniomba nifungue mfululizo kwa somo la kuutiisha mwili. Alinichagua kwa sababu alikuwa ameliona daftari langu mwezi wa Januari, akalisifu mbele ya watu. Sikuwa na ujasiri wa kukataa.

Somo nililiandaa vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilichukua Wakorintho wa Kwanza, sura ya 9. Nikaeleza kwamba Paulo aliwaandikia watu walioijua michezo: karibu na Korintho kulikuwa na mashindano ya Isthmia yaliyofanyika kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani linalokauka. Nikaeleza kuwa pale Paulo anaposema "nautesa mwili wangu", neno la Kigiriki alilolitumia ni la ndondi, la kumpiga mtu chini ya jicho. Watu waliandika. Mstari wenyewe unaendelea kusema Paulo aliogopa asije akawa amewahubiri wengine, kisha mwenyewe akakataliwa. Sehemu hiyo niliisoma haraka.

Kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimejaza ile miraba. Tiki ya mwisho iliangukia Waamuzi sura ya 13, anapozaliwa Samsoni, mnadhiri, yaani mtu aliyewekwa wakfu kwa Mungu, tangu tumboni mwa mama yake, lakini mwenyewe hakuweza kujitawala. Hilo nililigundua baadaye. Jioni ile sikuwa nasoma chochote, nilikuwa napiga tiki. Daftari nikaliweka mezani likiwa wazi, kusudi watu walione.

Somo lilipokwisha, kijana mmoja akainua mkono. Alikuwa ameokoka mwaka uliotangulia, na baada ya kusikia sifa za daftari langu alikuwa ameanza naye kusoma kwa utaratibu uleule.

"Ndugu," akasema, "mimi nimekwama Hesabu sura ya 7. Ni wiki ya nne sasa. Kila nikianza narudi nyuma. Wewe uliivukaje?"

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yangu, na ulifunguliwa na mtu aliyekuwa mahali palepale nilipokwama mimi. Nikasema, "Nilivumilia tu, ndugu. Mwili utakataa, wewe ulazimishe. Mwombe Mungu akupe bidii."

Akainama akaandika. Niliona kalamu yake ikienda. Aliandika maneno yangu yote, akapiga mstari chini ya neno "bidii".

Baada ya maombi ya mwisho, watu walipokuwa wakiagana, mama mmoja mjane, mkubwa kuliko sote pale, alilichukua daftari langu. Alilisogeza karibu na taa. Akapitisha kidole juu ya Januari, polepole, mraba kwa mraba. Alipofika Februari kidole kikasimama. Akakirudisha nyuma, akakileta tena mbele. Hakusema kitu. Alilifunga, akanipa kwa mikono miwili.

"Mwanangu, una haraka?"

"Hapana, Mama."

Tukakaa kwenye viti vya nyuma. Alisubiri mpaka chumba kikabaki na sisi wawili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uliachia wapi?"

Hakuniuliza kama niliacha. Nilimwambia, "Hesabu saba, Mama. Siku ya pili." Baada ya hapo nililia. Nilimweleza yote: saa 10 iliyogeuka, Jumatano za kufunga ambazo sikuzifunga, hata hii yenyewe tuliyokuwa nayo, na jibu nililompa yule kijana. Aliniacha nimalize.

Nilitazamia karipio, au maombi marefu. Akaanza kunisimulia habari zake. Tangu mume wake alipofariki alikuwa akisoma zaburi moja kila alfajiri, moja tu, kwenye kiti kilekile. Zaburi ni 150, kwa hiyo alizimaliza karibu kila miezi mitano, akaanza upya. Hakuwa anajua tena amezunguka mara ngapi. "Ziko asubuhi nyingi sisikii chochote," akasema. "Nasoma, naomba, naondoka nilivyokuja. Lakini nikiwa nimekaa pale, Bwana akitaka kusema nami anajua pa kunikuta."

Halafu akaniuliza, katika Wagalatia, tunda la Roho la mwisho linaitwaje. Nikajibu, "Kiasi." Akaniuliza kiasi hicho kilikuwa wapi kwangu mwaka huu. Sikuwa na jibu. Neno lile nilikuwa nimelisoma miaka yote kana kwamba maana yake ni ukali. Waliotafsiri Biblia walipofika kwenye neno la Kigiriki la kujitawala waliandika *kiasi*, neno lilelile tunalotumia kupimia kitu kitoshe, kisizidi. Nami nilikuwa nimeweka nadhiri tatu kubwa usiku mmoja, sikupima hata moja. Tena Paulo amelitaja kama tunda, na tunda mti haulitoi kwa kujikamua.

"Nenda nyumbani," akaniambia, "ukaisome ile sura. Kwa sauti. Usiruke hata jina moja. Na huyo mtoto umtafute, usiache zipite siku mbili."

Niliisoma usiku uleule, nimesimama, kwa sauti. Ilichukua kama robo saa. Mpaka siku ya nne ilikuwa kazi ngumu. Kwenye siku ya sita kitu kikaanza kunishika: mwandishi angeweza kusema "na wengine wakatoa vivyo hivyo", angejiokolea wino na ngozi. Hakufanya hivyo. Kila mkuu kaandikwa kwa jina lake na jina la baba yake, na sahani yake, na bakuli lake, na kijiko chake, kana kwamba hakuna aliyemtangulia. Toleo la siku ya tisa halikuwa na jipya lolote la kumpa Mungu, naye akalipokea kwa ukamilifu uleule wa siku ya kwanza. Mwishoni vinajumlishwa: fedha shekeli 2,400, dhahabu shekeli 120. Hakuna kilichopotea.

Kisha nikafika mstari wa 89, ambao sikuwa nimewahi kuusoma maishani mwangu. Baada ya siku zile 12 za sahani na mabakuli, Musa anaingia katika hema ya kukutania ili aseme na Bwana, na anaisikia Sauti ikisema naye kutoka juu ya kiti cha rehema, katikati ya makerubi wawili.

Nilikaa chini. Mwezi mzima nilikuwa nimeikimbia sura ambayo mwisho wake ni Mungu kusema.

Sikulala vizuri, na asubuhi sikuamka saa 10. Niliamka saa 12, nikakaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, nikasoma mistari minne ya mwanzo ya sura ya 8, pale Haruni anapoambiwa jinsi ya kuziweka taa saba ziangaze mbele ya kinara. Mistari minne. Nikaomba kwa dakika tano hivi, nikatoka. Kalamu sikuigusa.

Yule kijana nilimpata jioni. Maneno niliyoyapanga njiani yote yalinipotea. Nilimwambia tu, "Jana nilikudanganya. Mimi nami nimekwama palepale, tangu Februari. Zile tiki nilizipiga jana kabla ya kuja."

Alinyamaza kitambo. Nilidhani amekasirika, na angekuwa na haki. Aliponijibu macho yalikuwa yamelowa. "Nilishaanza kufikiri labda mimi sijaokoka sawasawa," akasema. "Maana wewe ulipita, mimi nashindwa."

Maneno hayo nimeishi nayo. Nilikuwa nimezoea kuihesabu dhambi yangu kuwa ya siri, kati yangu na daftari, kumbe tayari ilikuwa imepata mtu wa kumlemea. Nilimwomba msamaha. Akanisamehe hapohapo, wepesi mno, jinsi waamini wachanga wanavyosamehe.

Akatoa daftari lake, akafungua ukurasa wa jana, akayakata maneno yangu kwa mstari mmoja. "Sasa niandike nini?"

Nikamwambia asiandike kitu kwanza. Tukafungua Hesabu. Tulikubaliana kupokezana: yeye siku ya kwanza, mimi ya pili, yeye ya tatu. Alisoma taratibu, akikwaa kwenye majina, na kila alipokwaa alirudi akalitamka tena. Nilipofika kwa Nethaneli sauti ilinikatika kidogo, nikaendelea. Sahani, bakuli, kijiko kilichojaa uvumba. Sahani, bakuli, kijiko. Nje kulikuwa kunaingia giza, akainuka akawasha taa, akarudi akakaa karibu zaidi.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa yangu. Nikamsoma Ahira mwana wa Enani, mkuu wa Naftali, na vyote alivyoleta, kisha nikamwachia yeye mstari wa 89.