Tulivyousimamisha Upya Uzio wa Msitu wa Kijiji Chetu Wilayani Sikonge

Nilipochaguliwa kuwa katibu wa Kamati ya Maliasili ya kijiji chetu, wilayani Sikonge mkoani Tabora, uzio wa msitu wa hifadhi ulikuwa umekwisha kulala chini karibu upande wote wa mashariki. Huo ni msitu wa miombo, wenye mininga, mikora na mitundu, na ndimo warina asali wetu wanamotundika mizinga. Tuliutenga wenyewe kwa mujibu wa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, ambayo inakipa kijiji mamlaka ya kumiliki na kusimamia msitu ulio katika ardhi yake, kwa hiyo hapakuwa na mtu mwingine wa kumsubiri aje kuusimamisha uzio huo.

Kabla ya kununua hata msumari, niliwaomba wajumbe tuutembee mpaka wote kwa miguu na kukagua nguzo moja baada ya nyingine. Uzio wa awali ulijengwa na mkandarasi kwa seng'enge na nguzo za mikaratusi ambazo hazikutiwa dawa. Kwa juu nyingi zilionekana nzima, lakini ukizisukuma kwa kiganja zilikatika usawa wa ardhi, kwa sababu mchwa walikuwa wamekula kiini chote na kuacha ganda lililojaa udongo. Nyingine ziliunguzwa na moto wa kiangazi unaoponyoka mashambani watu wanapochoma masalia. Seng'enge, kwa upande wake, ilikuwa imekatwa kwa koleo mahali pachache tu, na kila palipokatwa palikuwa kwenye mapito ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Kwangu mimi ugunduzi huo ulikuwa na uzito kuliko nguzo zote zilizooza, kwa kuwa ulionyesha kwamba wafugaji hawakuwa na ugomvi na msitu, bali walifungiwa njia ambayo hawakuwa na nyingine mbadala wake.

Tuliwafuata nyumbani kwao badala ya kuwaita ofisini. Mzee mmoja wa Kisukuma, ambaye mifugo yake ni mingi kuliko ya wengine, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Katibu, mimi sina haja na miti yenu. Nipe njia ya maji, halafu ukimkuta ng'ombe wangu nje ya njia hiyo, mtoze faini mbele ya watu." Maneno hayo tuliyapeleka kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, na baada ya mabishano marefu mkutano ukaridhia kuacha njia moja pana yenye uzio pande zote mbili na geti, ukaiweka faini hiyo katika sheria ndogo, na kuziwasilisha kwa Halmashauri ya Wilaya ili ziidhinishwe. Kijiji jirani nacho kilituma wajumbe, na muhtasari wa makubaliano ya mpaka ukatiwa saini na pande zote mbili.

Kwa uzio wenyewe tulichagua minyaa, mimea yenye utomvu inayopandwa kuwa ua hai. Haihitaji kukata mti hata mmoja msituni, mchwa hawaishughulikii ikiwa hai, na mifugo haiili. Kazi yake, hata hivyo, inataka uangalifu mkubwa, kwa sababu utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya na unaweza kumpofusha mtu. Kila mkataji alivaa miwani na mikono mirefu, akatakiwa kukata kwa kuinamisha panga mbali na uso, na ndoo ya maji safi ikawa karibu muda wote. Vipande vya urefu wa mkono tulivilaza kivulini mpaka ncha zilizokatwa zikakauka na kufanya ngozi ngumu, kwa kuwa ukivipanda vikiwa vibichi huoza. Tulivisimika mvua za Novemba zilipoanza, futi moja kati ya shina na shina, katika mistari miwili inayopishana.

Minyaa michanga haiwezi kuzuia ng'ombe, wala haihimili moto. Kwa hiyo tulifyeka mkuza, yaani ukanda mtupu wa mpakani, kandokando yake na kuupalilia usiote majani, ili utumike pia kama kinga moto, na seng'enge iliyosalia tukaikunjua na kuikaza kwenye njia ya mifugo peke yake, juu ya nguzo ambazo miguu yake tuliibabua motoni na kuipaka oili chafu. Kwenye kona zote tulimwaga vigingi vya zege. Wafugaji walichimba mashimo, akina mama wakasomba maji na mchanga, na warina asali, ambao ndio wanaoijua kila pembe ya msitu, wakaongoza mstari pale ramani ilipotuacha njia panda.

Ng'ombe sasa wanapita getini asubuhi na jioni, na ufunguo anao mzee yule yule. Upande ambao bado unanitia wasiwasi ni wa kusini, unaopakana na mashamba ya tumbaku, ambako mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, yanahitaji kuni nyingi na miti iliyopandwa na wakulima haijafikia umri wa kuvunwa. Huko uzio peke yake hautatosha. Tumekubaliana na chama cha ushirika kwamba kila mkulima anayepakana na hifadhi ataitunza minyaa iliyo mbele ya shamba lake, na kamati itaikagua kila mwezi pamoja naye.