Daftari la pishi

Jana magharibi redio ilikuwa inasema peke yake jikoni, mimi namenya muhogo, mwanangu amejilaza kwenye mkeka na hesabu zake za shule. Kiongozi mmoja akasema kitu fulani kimeongezeka maradufu. Hata sikusikia ni kitu gani. Mwanangu akanyanyua kichwa:

"Mama, maradufu ya nini?"

Kisu kikasimama mkononi. Mtu wa mwisho kuniuliza swali la namna hiyo alikuwa bibi, kule Mtambwe, Pemba, msimu wa karafuu wa 2011.

Nilikuwa nimerudi Pemba kwa likizo ya chuo. Meli ya Spice Islander ilikuwa imezama Septemba ile, na mama hakutaka kabisa nipande chombo, lakini karafuu zilikuwa zimeiva na mikono nyumbani haikutosha. Siku ya pili tu nikateremka mjini Wete kwa haja zangu, nikakuta mkutano, nikasimama kusikiliza. Mzungumzaji alisema vizuri. Bei ilikuwa imepandishwa mpaka shilingi 15,000 kwa kilo, jambo ambalo wazee wetu hawakupata kuliona, na akasema kwamba karafuu zilizonunuliwa mwaka ule zimeziacha mbali za mwaka uliopita, kwa hiyo sera imezaa matunda. Nilipiga makofi kwa moyo wote. Nilirudi nyumbani nimelibeba neno lile kama zawadi.

Usiku tukakaa kuchambua. Aliyewahi kukaa kwenye duara lile anajua: karafuu mbichi zimemwagwa katikati ya jamvi, kandili pembeni, kila mtu anavuta kishada chake, anakibana kwenye kiganja na kukisokota mpaka karafuu zinaachia, makonyo yanatupwa upande. Viganja vinawaka. Harufu inaingia mpaka kwenye wali, na wiki nzima hata ukinawa kwa sabuni haitoki. Bibi alikuwa akichambua bila kutazama. Mimi nikaanza kuhadithia ya Wete: bei, sera, ongezeko. Watoto wananisikiliza, ami ananisikiliza, nami nikazidi kupandisha sauti.

Bibi akaniacha nimalize.

"Zimeongezeka kuliko lini, mke mwenzangu?"

"Kuliko mwaka jana, bibi."

"Mwaka jana mikarafuu ililala."

Akamtuma mtoto kwenye kasha lake akalete daftari. Lilikuwa daftari la shule lililopoteza jalada, limefungwa kwa uzi wa mkoba wa ukili. Humo aliandika pishi, kile kipimo chetu cha ujazo, za kila mchumaji ili asimdhulumu mtu malipo yake, kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani alipokuwa mtoto. Mwisho wa kila msimu alipiga mstari na kujumlisha. Miaka hakuiandika kwa tarakimu, aliipa majina. Akalisogeza kwenye kandili, akaweka kidole kilichoingia weusi wa karafuu, akasoma taratibu kutoka kulia.

Mwaka wa kura ya maoni, yaani 2010: pishi 94. Mwaka wa kabla yake: 171. Mwaka aliofariki babu: 388. Akafungua ukurasa wa msimu tuliokuwemo: 352, na pale juu ya majamvi ndiyo yalikuwa mavuno ya mwisho.

Sikuwa na la kusema. Mikarafuu ile ile, shamba lile lile. Mkarafuu ukizaa sana huchoka, ukapumzika mwaka au miaka miwili, kisha ukarudi. Hilo kila mtoto wa Pemba analijua, na mimi nililijua tangu sijaanza shule. Lakini kule Wete nilipoambiwa "kuliko mwaka jana" sikujiuliza mwaka jana ulikuwa mwaka gani. Na mwaka aliofariki babu, mikarafuu ilipozaa kupita ule, bei haikufika hata nusu ya ile iliyosifiwa.

"Kwa hiyo bibi, yule bwana kasema uongo?"

Hakunijibu. Ami ndiye aliyesema, akiwa ameinama vile vile juu ya kishada chake. Alisema mwaka ule wa babu magunia yetu mengi hayakuonekana kituoni, pale karafuu zinaponunuliwa. Yalishuka pwani usiku, yakapakiwa jahazini, yakaenda Shimoni, kwa kuwa Kenya walikuwa wanalipa zaidi. Hapa kwetu kwa sheria mnunuzi alikuwa shirika la serikali peke yake, na karafuu ya magendo haihesabiwi na mtu. "Mwaka huu nimepeleka zote kituoni," akasema. "Kwa bei hii, bahari ya usiku ya nini?"

Pakawa kimya, zinasikika karafuu tu zikidondoka. Ndipo nikaona kwamba kulikuwa na hesabu mbili. Yule wa Wete alihesabu zilizonunuliwa, bibi alihesabu zilizochumwa. Bei ilikuwa imefanya kazi, tena kazi kubwa: ami alikuwa analala nyumbani kwake usiku. Ila haikuwa imeuzalisha mkarafuu hata kishada kimoja zaidi, na mimi nilishapiga makofi kwa yote mawili kwa pamoja.

"Mimi sijasema muongo," bibi akasema hatimaye, huku akifunga daftari kwa uzi wake. "Nimekuuliza kuliko lini."

Mwanangu nilimwambia sijui ni maradufu ya nini, tusubiri taarifa ya habari ya saa mbili. Tukasubiri. Neno likarudiwa kama lilivyo, bila mwaka wa kulinganisha. Akaniangalia, kisha akarudi kwenye hesabu zake, nami nikaona haya, kwa sababu alitaka jibu na sikuwa nalo.

Leo asubuhi nimempigia ami simu. Nimemuuliza msimu huu wamechuma pishi ngapi.

"Nyingi, alhamdulillahi. Zimezidi za mwaka jana."

Nikanyamaza kidogo, kisha nikamuuliza lile daftari la bibi liko wapi. Akasema limo kasha lile lile, na ukurasa wa mwisho ni mwandiko wa bibi. Tangu alipofariki hakuna aliyeandika.