Mfuko wa Dawa wa Bibi wa Chumbageni

Bibi yule alikuja kununua diklofenaki tu, dawa ya maumivu. Ilikuwa mwisho wa mwezi, na duka la dawa nililokuwa mfamasia wake, Ngamiani, mjini Tanga, lilikuwa limejaa watu hadi barazani. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimemvimba na kuiva wekundu. Alisema usiku hata shuka likikigusa anapiga kelele.

"Shikamoo bibi. Una dawa nyingine unazotumia?"

"Marahaba mwanangu. Ninazo, tena tele. Zitoe, mjukuu wangu, aone."

Binti akaumwaga mfuko juu ya kaunta. Amlodipini ya miligramu 10, ya presha. Furosemidi, ile watu wanayoiita dawa ya mkojo. Diklofenaki, pakiti tupu kadhaa. Omeprazoli ya tumbo lililokuwa likimchoma. Hakuna iliyokwisha muda, hakuna ya bandia. Kila moja iliandikwa na mtu aliyesomea kazi yake, kwa shida aliyoiona siku ile.

Nikampa kiti, nikachana ubavu wa boksi la katoni, nikachora mstari. Nikamuuliza kipi kilitangulia. Ilitangulia presha, mwaka aliofiwa na mumewe, akaanzishiwa amlodipini ya miligramu 5. Miguu ikavimba. Akaenda zahanati nyingine, akapewa furosemidi. Ikapita miezi, kidole kikawaka moto; ndipo akaanza diklofenaki, leo akinunua huku, kesho kule. Presha ikapanda, dozi ya amlodipini ikaongezwa ikawa 10. Miguu ikazidi kuvimba.

Niliutazama mstari ule, moyo ukanienda mbio. Amlodipini hutanua mishipa midogo inayopeleka damu, maji yakavujia kwenye nyama za miguuni, na dozi ikipanda uvimbe nao hupanda. Uvimbe wa namna hiyo hauondoki vizuri kwa dawa ya mkojo, maana si maji yaliyozidi mwilini. Furosemidi nayo huzuia asidi ya yuriki isitoke, na hiyo ndiyo inayoleta jongo, maumivu ya viungo kama yale ya kidole chake. Diklofenaki hutuliza jongo, lakini hupandisha presha na kuunguza tumbo. Yote haya niliyasoma chuoni, kila dawa na sura yake. Nilikuwa sijawahi kuyaona yakizunguka ndani ya mwili wa mtu mmoja aliyekaa mbele yangu.

Nikamuuliza anakula nini.

"Nimpikie nani siku hizi? Nachoma kipande cha ng'onda, na ugali wangu, yamekwisha."

Ng'onda kila siku, samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba tangu azikwe mzee hajalala usiku mzima. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nyuma yake watu walianza kunung'unika. Mwenye duka akaniita pembeni, akaniambia tunauza dawa, hatusikilizi hadithi. Nilimwelewa; kodi ya pango hailipwi kwa maswali. Lakini diklofenaki sikuiuza. Nikaandika barua kwa daktari wake, nikachora na mstari wote, nikaomba figo, potasiamu na asidi ya yuriki zipimwe. Kubadilisha dawa si kazi yangu, ni ya daktari. Naye, Mungu ambariki, aliusoma. Akaondoa furosemidi na amlodipini, akamwanzishia losatani, dawa ya presha ambayo yenyewe husaidia kupunguza asidi ya yuriki, na kidole akakitibu kwa dawa nyingine. Miguu ikapungua. Presha bado anaitumia dawa, wala hakuna aliyemwambia aache.

Baada ya hapo nikawa natafuta usiku, kwenye simu, watu wanaofanya kazi kwa mstari kama ule. Ndipo nikaifahamu tiba ya kiutendaji (functional medicine), ambayo taasisi yake ya Marekani ilianzishwa mwaka 1991. Wao huanza na historia nzima ya mgonjwa: kilichotangulia ugonjwa, kilichouchokoza, na kinachoufanya usiondoke. Nikasoma kwa intaneti baada ya zamu, kisha nikaacha kazi.

Si yote niliyoyakuta huko niliyakubali. Wapo wanaouza virutubisho vya bei kali na vipimo ambavyo ushahidi wake ni mwembamba, na madaktari wanaowapinga kwa hilo wana haki. Mimi nilichukua maswali. Chumba changu kiko Makorora, sina rafu ya kuuzia kitu. Mgonjwa anakaa muda anaouhitaji, na anayempikia namwomba aje naye. Nikiona dawa ya kubadilishwa, barua inakwenda kwanza kwa daktari wake, na mstari nauchora humo humo.