Farasi Hutayarishwa, Ushindi Una Mwenyewe

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Mithali 21:31: farasi hutayarishwa kwa siku ya vita, lakini ushindi watoka kwa Bwana. Kila niusomapo mstari huu namkumbuka Michael Jung, mpanda farasi wa Ujerumani.

Mchezo wake una hatua tatu, farasi akiwa yuleyule: mwendo wa madaha mbele ya waamuzi, mbio za nyika zenye magogo na maji, kisha kuruka viunzi. Makosa hujumlishwa, mwenye machache ndiye bingwa. Ufito mmoja wa kiunzi ukianguka ni pointi 4 za makosa.

Olimpiki ya London, Julai 31, 2012, Jung alitimiza miaka 30. Aliruka na farasi wake Sam bila kuangusha chochote, akabaki anatazama. Sara Algotsson Ostholt wa Uswidi alikuwa akielekea kwenye dhahabu mpaka kiunzi cha mwisho kabisa. Ufito ukaanguka. Dhahabu ikawa ya Jung, naye akawa wa kwanza kushika kwa pamoja ubingwa wa Olimpiki, wa dunia na wa Ulaya.

Mwaka uliofuata, katika mashindano ya farasi ya Badminton, Uingereza, kombe lilikuwa karibu mkononi mwake. Sam yuleyule, mikono ileile, kiunzi cha mwisho. Ufito ukaanguka, na kombe likaenda kwa Jock Paget wa New Zealand.

Tukipata, twasema Mungu amenikumbuka. Tukikosa, twaanza kutafuta dhambi iliyofichika au jirani mwenye husuda. Mimi siamini kwamba Mungu alimkataa Sara siku ile, wala kwamba alimgeuzia Jung kisogo mwaka mmoja baadaye. Kukosa si ushahidi wa kuachwa, na tumewaumiza ndugu wengi kwa kuwaambia hivyo wakiwa bado wanalia.

Wala mstari huu si ruhusa ya kulala. Farasi *hutayarishwa*. Kabla ya siku ya viunzi, kila farasi hupelekwa mbele ya waamuzi na daktari wa mifugo. Mpanda farasi humshika hatamu na kukimbia kando yake kwa miguu, wao wakitazama kila kwato inavyokanyaga. Akichechemea, huenda safari ikaishia hapo. Utunzaji wa miezi mingi hupimwa kwa hatua chache. Hiyo ndiyo sehemu yetu, na ni kubwa.

Jung alirudi kazini. Mwaka 2016 alishinda Badminton na dhahabu ya Olimpiki ya Rio, akiwa na Sam. Olimpiki ya Tokyo, akiwa na farasi mwingine, Chipmunk, pini ya usalama ya kiunzi, ile inayokiachia farasi akikigonga, ilifyatuka katika mbio za nyika na kumgharimu pointi 11, akakosa medali. Paris 2024, na Chipmunk huyohuyo, akapata dhahabu yake ya tatu ya mtu binafsi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikia katika mchezo huo.

Tuwaombee wiki hii waliojiandaa vizuri na bado wakakosa. Tuwaombee na waliopata, wasiwahukumu wenzao.