Ya ngapi bosi?

Zamani nilikuwa naingia sheli nashusha kioo nasema neno moja tu, "jaza". Sikumbuki hata siku niliyoacha. Najua tu kwamba saivi dada wa sheli akija na ule mpira wake anauliza "ya ngapi bosi?" na mimi najibu "weka ya thelathini", anasema "ziro hiyo bosi, angalia", mimi naangalia ile ziro kama vile naweza kuizuia isikimbie.

Nina Noah, injini ya 2000, hii bei ya mafuta imenikuta nayo na mpaka leo ninayo. Barabara kuu ukienda nayo kistaarabu inatoa kilometa 10 kwa lita, mjini kwenye foleni ya Tabata sitaki hata kusema. Wenye vigari vidogo vya IST wao huwa wanatucheka, wanasema gari lao linanusa tu. Sawa, linusage, ila mimi nina watoto wawili, waifu, mabegi, friji ya barafu na mara nyingi kuna mdogo wa waifu nyuma ambaye hajaalikwa ila yupo.

Sasa naomba niwape stori ya hifadhi ya Mikumi maana ndo iliyonifanya niandike hii.

Ilikuwa Nane Nane ya 2022. Mwaka ule mnaukumbuka, vita ya Ukraine ilianza Februari, mafuta duniani yakapaa, na huku kwetu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, wakitoa bei kikomo watu tunasoma kama tunasoma matokeo ya mtihani. Mwanzoni mwa 2021 petroli Dar ilikuwa haijafika hata elfu mbili. Julai 2022 ikawa 3,220. Mimi nikapiga mahesabu yangu kwa bei hiyo ya Julai, nikamwambia waifu safari ipo, watoto wakaambiwa, mkubwa alikuwa na miaka sita akaanza kuchora simba kwenye kila karatasi mpaka nyuma ya risiti ya umeme. Jumatano ya tarehe 3 Agosti bei mpya ikatoka, Dar 3,410, na hapo ni baada ya serikali kuweka ruzuku. Yaani ingekuwa haijawekwa sijui tungetembea na nini.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: Dar mpaka geti la Mikumi ni karibu kilometa 300, kwenda na kurudi 600, weka na mia ya kuzunguka ndani, jumla 700, lita 70. Kwa 3,410 ni laki mbili na thelathini na nane na mia saba. Safari hiyohiyo mwanzoni mwa 2021 ningetumia chini ya laki na arobaini. Hiyo tofauti ya karibu laki ndo ilikuwa hela ya kulala pale jirani na hifadhi, kwahiyo kulala tukahamishia Morogoro kwa shemeji. Waifu akasema basi tubebe na chakula cha nyumbani, tukabeba chapati na kuku wa kukaanga, sawa, hiyo wala sikuilalamikia.

Nikaweka ya laki na nusu pale Ubungo, lita 44 hivi, nikasema nitaongeza Msamvu pale Moro tukirudi. Tukatoka saa kumi alfajiri ili tupite Kibaha kabla malori hayajaamka, nikaendesha 80 mwanzo mwisho. Hii naisema kwa kujivunia kwasababu kila mtu alinipita, mpaka Passo moja imebeba godoro juu. Ila ukikimbiza 120 upepo unapigana na gari na injini inakunywa, tatizo la gari kula mafuta asilimia kubwa ni mguu wako. Na upepo kwenye tairi, watu hawaangalii. Na hilo keria tupu linalokaa juu ya gari mwaka mzima kama pambo, toa.

Halafu kuna hii ya kuweka nyutro kwenye mteremko, kuna mzee mmoja kila tukikutana ananifundisha hivyo. Wazee wangu, magari haya ya siku hizi ya injeksheni ukiachia pedeli ya mafuta kwenye mteremko gari likiwa kwenye gia yenyewe inakata mafuta, haimwagi kitu. Ukiweka nyutro ndo inabidi ichome kidogo ili isizime. Kwahiyo huokoi chochote, unapoteza tu breki ya injini, na siku moja utakuja kutuokolea hizo lita bondeni.

Basi tukafika. Ile barabara kuu inapita katikati ya hifadhi kama kilometa 50, mwendo mwisho 70, na kuna bango limeandikwa faini za kugonga kila mnyama, ukilisoma unashuka mwenyewe mpaka 50 bila kuambiwa. Bila kulipa hata senti tukawaona swala wengi, pundamilia, twiga wawili wamesimama upande wa kushoto wanatuangalia kama wanakagua leseni. Hapo waifu akatamka neno ambalo nilikuwa naliwaza toka Mikese, "baba nanii, si tumeshawaona hawa, tukigeuza hapahapa si tunaokoa?" Watoto wakapiga kelele. Tukaingia.

Ndani kwa bahati mbaya gari haliendi 80. Ni gia ndogo, simama, washa, rudi nyuma, zima, washa tena kwasababu kumbe ilikuwa kisiki. AC inawaka maana vumbi. Ile kilometa 10 kwa lita isahau, mimi nafikiri nilikuwa napata 6. Tukaenda bwawa la viboko ambalo haliko mbali na geti, tukakaa pale, raha sana kusema ukweli, kiboko mmoja akapiga miayo mtoto mdogo akajificha nyuma ya kiti cha mama yake.

Wakati tunaondoka pale ikaja Land Cruiser ya wageni, dereva wake akasimama tukasalimiana, akasema kaka simba wapo upande ule wa kule, kama kilometa 20 hivi, wamelala chini ya mti tumewaacha sasa hivi, wahi. Nikaangalia mshale. Nilikuwa na robo, pungufu ya robo. Ishirini kwenda, ishirini kurudi, kwa mwendo wa mle ndani ni lita sita saba, halafu Morogoro bado ni zaidi ya kilometa mia, na sheli ya karibu iko Mikumi mjini ambako ni mbele, siyo njia ya kurudi. Hela ya kuongeza nilikuwa nayo mfukoni, siwezi kudanganya, ila ile hela ilikuwa na jina tayari, ilikuwa ada ya Septemba.

Nikasema, "tutakuja siku nyingine."

Jioni tumefika kwa shemeji, mtoto anaongea na bibi yake kwenye simu, bibi anauliza umeona nini mjukuu wangu, anataja twiga, kiboko, tembo kwa mbali, bibi anauliza na simba je? "Simba hatujaona, mafuta yalikuwa madogo." Alisema kawaida kabisa, kama anavyosema mvua ilinyesha.

Toka siku hiyo nimekuwa nikijiangalia. Watu wanasema mafuta yakipanda watu wanaacha kutoka. Mimi sijaacha, na wengi ninaowajua hawajaacha. Kilichokufa ni "tupite na huku". Zamani tukienda Bagamoyo tunakuta kibao cha njia ya vumbi inaelekea baharini tunakata tu tuone kuna nini, mara tunakuta wavuvi wanauza pweza, tunakaa mpaka saa mbili usiku. Tukienda Lushoto tulikuwa tunazunguka milimani bila hata kujua tunaenda wapi. Sasa hivi unatoka nyumbani unajua kilometa zako, unafika, unapiga picha, unarudi njia ileile. Ukipotea njia hata dakika kumi gari zima linanyamaza, kila mtu anasikiliza injini.

Binamu yangu yuko Nairobi ananiambia kwao ni vilevile, bei wanatangaziwa tarehe 14 ya kila mwezi, Oktoba 2023 petroli ikafika shilingi 217 na senti 36 za kwao, akasema Naivasha ambayo walikuwa wanaenda kila wakipata Jumapili ikawa ya pasaka na krismasi. Na Naivasha siyo mbali, haifiki hata kilometa mia.

Sasa kuhusu treni. SGR, ile treni ya umeme, ilivyoanza Juni 2024 kila mtu akawa mtaalamu, mnaenda na magari ya nini, treni elfu 13 tu Moro chini ya saa mbili. Nikakaa na kalamu. Noah Dar mpaka Moro na kurudi ni kama kilometa 400, lita 40, kwa bei ya karibu 2,900 ni laki na kumi na sita. Treni mimi na waifu na watoto wawili wa nusu nauli ni elfu 39 kwenda, 78 jumla. Treni imeshinda. Ila nikijaza Noah watu saba wazima, kila mtu anatoa kama elfu 16 na mia sita kwenda na kurudi, treni ni elfu 26 kwa kichwa. Hapo Noah imeshinda na bado mna gari la kuzungukia mkifika. Kwahiyo ukiniuliza treni au gari nakuuliza mko wangapi.

Sisi tulipanda treni, tukaenda milima ya Uluguru. Sitasema vibaya, ni safi, inatulia, watoto wamebandika pua kwenye kioo. Tatizo linaanza pale stesheni ya Moro iko Kihonda, mjini kwenyewe bado, kwahiyo bajaji, halafu kupanda mpaka Morningside ni boda, na boda mbili zenye watoto kwenye ule mlima wenye makorongo waifu alisali mpaka tumefika. Hela ya bajaji na boda ikala karibu yote tuliyookoa. Lakini kule juu, aisee. Ukungu, baridi ya kuvaa sweta saa sita mchana, bustani za karoti na kabeji zimeshikilia kwenye mteremko sijui kwa gundi gani, kina mama wa Kiluguru wanashuka na vikapu kichwani kwa spidi ambayo mimi nilikuwa siwezi hata bila mzigo. Tukatembea kwa miguu kwenda maporomoko ya Choma. Na njiani kulikuwa na kanjia kanakata kulia, mtoto mkubwa akauliza kanaenda wapi, nikasema sijui, twende. Tukaenda. Kulikuwa na nyumba mbili na mbuzi, basi. Tulifurahi kupita kiasi, nadhani yule mzee mwenye mbuzi alijiuliza hawa watu wa Dar wana shida gani.

Nilichomisi kwenye treni ni Chalinze tu, kusimama, kula kuku, kununua vitu ambavyo huvihitaji.

Siku hizi tuna grupu la watu wa mtaani, familia nne, tunachangishana mafuta tunatoka kila baada ya miezi miwili. Imesaidia sana japo imeleta ugomvi mmoja ambao mpaka leo haujaisha: mwenye gari achangie mafuta au asichangie? Msimamo wangu unajulikana, asichangie. Tairi zake, oili yake, sevisi yake, na wale jamaa wa tochi waliojificha nyuma ya mwembe kwenye kibao cha 50 wakikupiga ile elfu 30 grupu zima linaangalia dirishani. Kuna baba mmoja humo kwenye grupu anasema mimi naongea hivyo kwasababu gari ni langu. Ni kweli gari ni langu, lakini hoja ni hoja.

Safari inayofuata tunayoipanga ni Mikumi tena. Mwaka wote wa 2025 bei ilikuwa ikicheza kwenye 2,700 mpaka 3,000 na ushee, afadhali kidogo. Safari hii nimewaambia kabisa kuna mchango wa pembeni, elfu kumi kila familia, usiguswe njiani, usinunue hata maji. Wakauliza wa nini? Nikawaambia wa simba.

Wawili wameshatuma. Yule baba wa hoja bado anauliza kama simba asipoonekana inarudishwa.