Tulivyoshusha mizinga hadi usawa wa kiuno

Kwetu Singida kila mtu anakula asali, lakini nyuki walikuwa mali ya wanaume. Mizinga ya magogo hutundikwa juu ya migunga, na mrinaji hupanda usiku akiwa na moto mkononi. Mwanamke na khanga zake atapandaje? Wengi wetu tulimjua nyuki kwa mwiba tu, na kwa ile ndoo inayofika nyumbani alfajiri ikiwa na masega, majana (watoto wa nyuki) na majivu, vyote humohumo.

Kikundi chetu cha kufuga nyuki kilipoanza nikachaguliwa katibu, na jambo nililong'ang'ania ni urefu. Nilitaka mizinga ya viunzi vya juu, yaani masanduku yenye vipande vya mbao vilivyopangwa juu ili nyuki wajenge sega chini ya kila kimoja, ining'inizwe kwa waya kati ya nguzo, usawa wa kiuno. Nyegere anahangaika kuifikia, waya tunaupaka grisi ili sisimizi wasipite, na mtu mzima kama mimi anafunua mzinga miguu ikiwa chini. Habari za katiba, muhuri na mkopo wa halmashauri sitawachosha nazo, mwenye kikundi anaujua mzunguko wake.

Kwa fundi ndiko inapotakiwa kuwa mkali. Kiunzi kiwe na upana wa milimita 32, maana nyuki wetu ni wadogo kuliko wa Ulaya. Kikizidi, wanajenga sega moja kwenye viunzi viwili, na siku ya kurina unavuta kimoja unabomoa vyote. Fundi wetu alipenda kukadiria kwa jicho, tukamkatia kipande cha ubao cha kupimia.

Nyuki wenyewe hatukununua. Tulipaka nta kwenye viunzi na mlangoni, tukangoja makundi yanayohama. Mzee mmoja aliyerina tangu ujana wake ndiye aliyenizuia nisiende kila jioni: "Mwanangu, ukiwachungulia hivyo watahama." Nikatulia, wakaingia.

Manzuki, yaani eneo la mizinga, tuliiweka kwenye vichaka nyuma ya mashamba ya alizeti, mbali na nyumba na njia ya watoto wa shule. Hata hivyo majirani walinung'unika. Badala ya kubishana mkutanoni tukawaalika waje wawili wawili, kwa kuwa mavazi ya ziada yalikuwa mawili. Sharti letu moja liliwachekesha: usile ndizi kabla ya kuja. Nyuki akichoma hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na harufu hiyo inafanana sana na ya ndizi mbivu. Aliyecheka tulimwachia bomba la moshi alishike mwenyewe.

Lakini kilichowabadilisha zaidi kilikuwa nje ya mzinga. Shika kichwa cha alizeti asubuhi ukitazame kwa karibu: lile si ua moja, ni mamia ya vijiua, vinafunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati, pete baada ya pete. Nyuki anaifuata pete iliyofunguka siku hiyo, anazunguka, miguu ya nyuma imejaa chavua ya njano. Wakulima waliolima alizeti maisha yao yote walisimama pale wakahesabu pete. Mama mmoja akauliza kama mapepe yale ya katikati, punje tupu zisizo na mafuta, ni pale nyuki walipopungua. Nikamwambia ukame nao huchangia, ila uchavushaji hafifu ni sababu mojawapo.

Baadaye jirani alipuliza dawa ya wadudu saa tatu asubuhi, alizeti zikiwa zimechanua. Jioni tukakuta nyuki wamekufa, wamerundikana chini ya milango ya mizinga, wengi ndimi zimetoka nje. Sikutaka kwenda kwake na wajumbe. Mkewe yumo kikundini, alichukua nyuki wachache kwenye kikombe cha plastiki akamwekea mezani.

Makubaliano tuliyofikia ni mepesi: alizeti ikichanua hakuna kupuliza, na ikilazimu, iwe jua limeshazama na nyuki wamerudi, tena sisi wa manzuki tupewe taarifa kwanza. Hayajaandikwa popote. Yanashika kwa sababu karibu kila shamba pale lina mtu aliyewahi kuvaa lile vazi.

Huyo jirani sasa anataka mizinga kando ya shamba lake. Tumemwambia alete nguzo, waya tunao.